Zima Uwashe

Katika maneno yote yaliyoingia nchini pamoja na kompyuta, hakuna linaloniudhi kama hili la "zima uwashe". Utalisikia benki, utalisikia hospitalini, utalisikia kwenye vibanda vya mawakala wa fedha pale stendi na madukani Mfaranyaki. Mtambo ukigoma, kijana anaukodolea macho, anaubonyeza-bonyeza, halafu anatoa hukumu: zima uwashe. Ukiwaka na kufanya kazi, basi, kesi imekwisha. Hakuna anayeuliza ulikuwa umepatwa na nini. Nimekuwa mwalimu, na baadaye mkuu wa chuo cha ualimu hapa Songea, kwa miaka mingi, na ninaandika kurasa hizi kulipinga neno hilo pamoja na fikra iliyo nyuma yake, kwa sababu fikra hiyo imekwisha kuingia darasani na sasa inafundishwa kana kwamba ni elimu.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba kuzima na kuwasha ni dhambi. Mtoto mwenye homa hupewa dawa ya kuteremsha joto, na ni vema apewe. Lakini mganga anayeteremsha joto kisha akamrudisha mtoto nyumbani bila kupima damu, huyo ni muuza panadoli aliyevaa koti jeupe.

Tuanze na jambo ambalo kila mwenye nyumba nchini analikumbuka. Mwaka 2024 TANESCO iliwatangazia wateja wake wa LUKU kwamba mita zao zinahitaji kuboreshwa kabla ya tarehe 24 Novemba mwaka huo. Mteja akinunua umeme alipewa makundi matatu ya namba, kila kundi lina tarakimu 20; aingize la kwanza, aingize la pili, ndipo aingize la tatu lenye umeme wake. Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima, alinijia na karatasi yake mkononi.

"Shikamoo mwalimu. Hizi namba zote ni za nini? Vijana wanasema humo ndimo ilimofichwa bei mpya."

"Marahaba, mama. Na aliyekusaidia kuziingiza amekwambiaje?"

"Kaniambia, bibi, ni kama kuzima na kuwasha mita tu."

Aliyemwambia hivyo ni kijana aliyemaliza kidato cha nne, na somo la kompyuta alilisoma. Lakini kilichokuwa kikifanyika hakikuwa kuzima na kuwasha hata kidogo. Mita hizi, zetu na za nchi nyingine nyingi, hufuata kiwango kimoja cha kimataifa. Kila namba ya umeme tunayonunua imefichiwa ndani yake dakika ilipotengenezwa, ikihesabiwa tangu tarehe 1 Januari 1993. Mita huziweka dakika hizo kichwani ili mtu asiingize namba moja mara mbili, wala asilete namba ya kale aliyoiokota jalalani. Sasa, nafasi ambayo wahandisi waliiacha kwa ajili ya hesabu hiyo ni ya biti 24, yaani tarakimu 24 ambazo kila moja ni sifuri au moja tu. Mwalimu yeyote wa hisabati anaweza kuchukua chaki hapo: mbili kwa kipeo cha 24 ni 16,777,216. Zigawe dakika hizo kwa 1,440 za siku moja, unapata siku 11,650 na ushei. Hesabu siku hizo kuanzia mwaka 1993, unaangukia tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo hesabu inarudi sifuri, na mita inaiona kila namba mpya kuwa ni ya kale, inaikataa. Yale makundi mawili ya kwanza yalikuwa ufunguo mpya: yaliiambia mita isahau kumbukumbu zake na ianze kuhesabu kutoka mwanzo mwingine.

Nilimweleza jirani kwa mfano wa lori la zamani ambalo namba za kilomita zikifika 99,999 hurudi sifuri, na mnunuzi asiye mwangalifu akadhani lori ni jipya. Alielewa kabla chai haijapoa. Hakusoma zaidi ya darasa la saba. Basi nauliza: yule kijana mwenye cheti alizuiwa na nini?

Alizuiwa na alichofundishwa. Somo la kompyuta, kama linavyofundishwa katika shule nyingi nilizozitembelea, ni somo la matumizi: andika barua, panga jedwali, tengeneza picha za kuonyesha ukutani. Ni kama kumfundisha mtu upishi kwa kumwonyesha jinsi ya kushika kijiko. Chini ya programu zote hizo ipo programu moja ambayo wataalamu huiita keneli, nami nitaiita kiini cha mfumo. Kiini ndicho chenye funguo za nyumba. Kibodi, diski, waya wa mtandao, vyote hukibishia hodi, nacho hakina budi kuitikia kila hodi kwa wakati wake. Mbishaji mkubwa kuliko wote ni saa, ambayo hubisha mara mia, au mara elfu, katika kila sekunde. Hitilafu zinazozuka huko chini ni za hila, kwa sababu zinategemea wakati. Mashine ni ile ile, programu ni ile ile. Leo inafanya kazi, kesho inagoma kwa kuwa hodi mbili zimegongwa kwa pamoja mahali ambapo aliyeandika alidhani itagongwa moja. Ukizima na kuwasha, hodi hazikutani tena, hitilafu inajificha, nawe unakwenda zako ukijiita fundi.

Tarehe 4 Julai 1997 Wamarekani walikitua chombo chao Pathfinder juu ya sayari ya Mirihi. Baada ya siku chache kompyuta yake ikaanza kujizima na kujiwasha yenyewe, na kila ilipofanya hivyo kazi iliyobaki ya siku hiyo iliahirishwa. Ilikuwa imewekewa mlinzi: kazi muhimu isipokamilika kwa wakati, mlinzi anaanzisha kila kitu upya. Kwa maneno mengine, zima uwashe ilikuwa imejengwa ndani ya chombo, na ilikuwa inafanya kazi barabara. Wahandisi wa California hawakuridhika nayo. Walikuwa na pacha wa chombo hicho hapa duniani, wakamwendesha huku kila hatua ya kiini ikiandikwa, hadi naye akagoma vile vile.

Walichokikuta ningeweza kukieleza kwa mtu yeyote aliyeishi shule ya bweni. Mwanafunzi mdogo wa zamu anachukua ufunguo wa stoo kwenda kutoa fagio. Mkuu wa shule anafika, anaihitaji stoo hiyo hiyo kwa haraka. Ufunguo haupo, anangoja. Hapo wanatokea viranja, wenye maneno mengi, wanamsimamisha yule mdogo njiani: beba hiki, kachukue kile. Hawaitaki stoo, wala hawajui kwamba mkuu amesimama mlangoni; ila wamemzidi mtoto cheo, kwa hiyo anawatii. Matokeo yake mkuu mzima anazuiwa na viranja wake bila wao kujua. Dawa yake ni kwamba yeyote aliyeshika ufunguo anaongojwa na mkuu apewe kwa muda cheo cha mkuu, asikatizwe na mtu hadi aurudishe. Kanuni hiyo ilikuwamo tayari ndani ya mfumo wa Pathfinder, ila kwa kufuli lile ilikuwa haijawashwa. Waliiwasha kutoka duniani, na chombo kikaacha kujizima. Niambie, ndugu msomaji, ni kipi katika habari hii ambacho mwanachuo wa Songea hawezi kukielewa?

Na kuna mahali ambapo zima uwashe ilikuwa ndiyo dawa yenyewe, na bado watu walikufa. Wakati wa Vita vya Ghuba, tarehe 25 Februari 1991, kombora la Scud la Iraki liliangukia kambi ya Wamarekani huko Dhahran, Saudi Arabia, likaua askari 28. Mitambo ya Patriot iliyowekwa kuzuia makombora haikulirushia kitu. Kisa? Saa yake ilihesabu sehemu za kumi za sekunde. Sehemu ya kumi ukiiandika kwa sifuri na moja haiishi, kama vile theluthi isivyoisha ukiiandika kwa desimali: tatu, tatu, tatu, hadi karatasi ikwishe. Kompyuta ile iliikata kwenye biti 24, na kipande kilichokatwa kilikuwa kidogo mno, hata kukitaja ni kama mzaha. Lakini mtambo ulikuwa umewashwa kwa saa 100 mfululizo. Vipande vikajumlika kufikia kama theluthi ya sekunde, na katika muda huo Scud huwa imekwisha kwenda zaidi ya nusu kilomita. Mtambo ulitazama mahali ambapo kombora halikuwapo.

Kuuzima na kuuwasha kungeirudisha saa kwenye sifuri na kosa lingefutika. Siku chache kabla, walio juu walikuwa wametuma onyo kwamba mtambo usiendeshwe kwa muda mrefu sana. Hakuna aliyesema muda mrefu sana ni saa ngapi. Programu iliyosahihishwa ilifika Dhahran tarehe 26 Februari, siku moja baada ya mazishi kuanza kupangwa. Hiyo ndiyo elimu ya zima uwashe ikifikishwa mwisho wake: dawa unaijua, ugonjwa huujui, kwa hiyo hujui dawa itolewe lini.

Nasikia sauti za wakubwa: "Mwalimu, hayo ni mambo ya Wazungu wenye maabara zao, sisi tutumie tu." Kiini kinachoitwa Linux kilianza kuandikwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa miaka 21 wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, kwenye kompyuta yake ya nyumbani. Maandishi yake yote yako wazi. Yeyote anaweza kuyasoma, kuyanakili na kuyasahihisha. Kiini hicho hicho ndicho kilichomo ndani ya simu za Android, kwa hiyo kila anayeuza simu sokoni hapa anauza kitu ambacho kijana wetu anayo haki ya kukisoma hadi mstari wa mwisho. Katika hayo maandishi kuna jambo moja ambalo kila mwalimu angelipenda. Hesabu ya midundo ya saa, ikihesabiwa mia kwa sekunde katika biti 32, hujaa baada ya siku 497 na kurudi sifuri. Mtu aliyeandika vibaya sehemu ya kiini asingeliona kosa lake hadi mwaka mmoja na miezi minne ipite, na wakati huo mashine iko hospitalini au uwanja wa ndege. Walifanyaje? Waliiweka hesabu ianzie pale ambapo imebaki dakika tano kujaa. Ukikosea, unaumbuka baada ya dakika tano, mezani kwako, mbele ya kosa lako. Huo ndio mtihani, si ile ya kuchagua a, b, c au d.

Linganisha na Windows 95. Yenyewe ilihesabu elfu za sekunde, ikajaa baada ya siku 49.7 na kuganda. Hitilafu ilikuja kugunduliwa mwaka 1999, baada ya miaka minne. Hapa Songea, na mgawo wa umeme wa enzi zile, tungeingoja hadi kiyama.

Lakini ninataja umeme wetu kwa sababu nyingine. Mazingira yetu ni shule ya hitilafu ambayo Helsinki haina. Hadi mwaka 2018, gridi ya taifa ilipotufikia kutoka Makambako, mji huu ulitegemea zaidi genereta za dizeli. Mwaka 2007 chuo nilichokiongoza kilikuwa na chumba chenye kompyuta kumi na mbili za msaada, zilizokwisha kutumika ughaibuni. Zilikuwa na tabia moja: kila umeme ulipokatika na kurudi, ziliamka zikidai kwamba leo ni tarehe 1 Januari 1980. Kazi za wanachuo zilihifadhiwa kwa tarehe za uongo. Ya juzi ikaonekana mpya kuliko ya leo, na ya leo ikafutwa kwa kudhaniwa ni ya zamani. Barua pepe hazikufunguka, kwani upande wa pili ulileta cheti cha utambulisho ambacho, kwa mashine iliyoamini ni mwaka 1980, kilikuwa hakijaanza kutumika. Tuliletewa mtaalamu kutoka mbali, kwa posho. Alizima, akawasha, akaandika ripoti ya kurasa mbili: mashine zimezeeka, zitupwe, zinunuliwe mpya.

Mkufunzi wetu wa fizikia, kijana mpole, aliomba ruhusa ya kufungua moja. Ndani aliona betri bapa mfano wa sarafu, imeandikwa volti 3. Aliipima kwa testa, haikufika volti moja. Kazi ya betri hiyo ni kuiendesha saa ya kompyuta wakati umeme haupo. Ulaya, ambako mashine huachwa imechomekwa usiku na mchana, betri haitumiki sana na hudumu miaka. Kwetu ilikuwa inabeba mzigo kila giza lilipoingia. Alikwenda sokoni kwa fundi saa, akarudi na betri kumi na mbili ndani ya bahasha. Mchana ule mashine kumi na mbili zilizohukumiwa kutupwa zilijua leo ni lini.

Hakuishia hapo. Aliwapa wanachuo kazi ya kuandika, kila asubuhi, saa ya kila kompyuta imeachana kwa sekunde ngapi na mlio wa saa wa redioni. Waliona kwamba hazifanani, na kwamba ile iliyokaa dirishani juani ina tabia yake. Ndipo akawaeleza habari ya kipande cha fuwele kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde ili kuipa saa mapigo, na kwamba joto hubadili mtetemo huo. Namba hiyo wengi waliiona ya kubahatisha, hadi mmoja nyuma ya darasa alipopiga kelele kwamba ni mbili kwa kipeo cha 15. Sijasahau kelele ile. Katika miaka yangu yote ya kukagua masomo sikuwahi kuona somo la kompyuta bora kuliko lile, na siku ile hapakuwa na kompyuta hata moja iliyowashwa.

Kama taifa, tuliwahi kufanya zima bila uwashe. Kompyuta ya kwanza iliingia Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hesabu zikaja kuvurugika, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Zilikuwapo sababu za uchumi, nami siwacheki wakubwa wa wakati ule. Ninachosema ni kwamba marufuku haikumfundisha mtu yeyote ni wapi hesabu zilikwenda upogo. Kisha tukaingia upande wa pili kwa kishindo: kila kitu kinunuliwe, hakuna kinachofunguliwa. Hata kazi ile njema ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyotoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, ilikuwa kazi ya sebuleni. Naisifu, kwani sebule ikisema lugha ya mwenye nyumba, mgeni anapungua. Lakini jikoni tumeendelea kutokanyaga.

Na wale wanaosema eti mambo haya ni mazito kwa watoto wetu, wamesahau kwamba mtoto wa Kiswahili huzaliwa ndani ya saa mbili. Ya nyumbani huanza kuhesabu jua linapochomoza. Ya Kizungu huanza saa sita usiku. Mtoto wa darasa la tatu anajua kwamba saa mbili asubuhi ya mama yake ndiyo saa nane ya kitabu, anaongeza sita au anapunguza sita bila kuguna. Maana yake amekwisha kujua jambo ambalo watoto wa nchi nyingi hawalijui: kwamba wakati huhesabiwa kutoka mwanzo ambao watu wameuchagua. Mita ya LUKU ilichagua mwaka 1993. Linux imechagua tarehe 1 Januari 1970. Kitu kizito kiko wapi hapo?

Vyuo vya ualimu ndivyo pa kuanzia, kwa sababu mwalimu mmoja hubeba darasa arobaini baada ya lake. Sidai maabara. Nadai chaki, testa moja, kompyuta mbovu mbili ambazo mtu ameruhusiwa kuzifungua, na mkufunzi ambaye hatakubali jibu la "sasa imekubali" bila kuuliza ilikuwa imekataa kwa nini. Nadai pia kwamba katika mtihani wa ualimu wa somo hilo liwepo swali moja la mashine iliyogoma, na mtahiniwa aandike chanzo chake. Anayejibu zima uwashe apewe sifuri.

Muda haututazami usoni. Vifaa vya zamani vinavyohesabu sekunde tangu mwaka 1970 kwa biti 32 vitajaa tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu, jua la Songea likiwa bado halijachomoza. Sekunde itakayofuata vitaamini kwamba ni tarehe 13 Desemba 1901, Nduna Songea Mbano yu hai na vita vya Maji Maji havijaanza. Linux ilisahihishwa kwa mashine za namna hiyo katika toleo la mwaka 2020, lakini usahihisho hautembei kwa miguu kuingia kwenye kisanduku kilichofungwa ukutani miaka 20 iliyopita katika zahanati ya kijijini. Atakayeuingiza ni mtu, naye sharti ajue kisanduku kipo. Na mita? Kiwango chake kimeweka mianzo mingine miwili, mwaka 2014 na mwaka 2035. Inayohesabu kuanzia 2014 itajaa tena tarehe 24 Novemba 2045. Mjukuu wangu yuko darasa la kwanza sasa. Nimemwandikia tarehe hiyo nyuma ya daftari lake la hesabu, na jana ameniuliza, babu, kwa nini ishirini na nne tena.